Rubani Aliyeomba Maji

Harufu ya ndege iliyoachwa juani ni ngumu kumweleza mtu ambaye hajawahi kuisikia. Ni mpira ulioungua, mafuta yaliyoganda, mikojo ya panya na majani makavu, vyote vimefungiwa ndani ya kichumba cha kioo kisichotosha hata watoto wawili. Mimi nimekua na harufu hiyo. Nyumba yetu ilikuwa hatua chache kutoka kwenye ndege mbili za kivita, ng'ambo ya Nyololo, kwenye uwanda wa nyasi ambako ukungu wa Juni hauondoki mpaka saa nne ya asubuhi. Mzungu mmoja mwenye shamba la miwati, miti ya kuuza magome, alizileta baada ya vita yao kubwa, akajenga nyumba ya makumbusho kando yake na kuijaza kofia za chuma na picha za watu wasiocheka. Alipoondoka, serikali iliichukua nyumba ile, na Baba, aliyekuwa mfagiaji, akachukuliwa pamoja na vyombo vyake. Nilipokuwa darasa la tatu, katikati ya miaka ya sabini, makumbusho yakafungwa. Kofia na picha zilipakiwa kwenye lori, nyumba ikageuzwa ghala la mbolea, na ndege, kwa kuwa hazikuenea kwenye lori, zikabaki pale pale. Ofisa aliyesimamia upakiaji alimwambia Baba, "Zitunze, mzee, tutazifuata." Kwa mtu mwingine hayo yangekuwa maneno ya kuagana tu, lakini Baba aliyashika kama kiapo.

Kila Jumamosi alizifuta kwa matambara na ndoo ya maji ya mtoni, kuanzia pua hadi mkia, akiziba kwa nta ya nyuki kila ufa alioukuta kwenye vioo. Hakuwa tena mtumishi wa mtu yeyote. Mama ndiye aliyechoka kabla yetu sote, maana shamba lilibaki mikononi mwake. "Baba Twilumba," alikuwa akimwita kwa jina langu, "hizo ndege zako zitatulimia mahindi?" Baba alikamua tambara lake. Alikuwa mtu wa maneno machache, wa aina ile ambayo watu husahau kumuaga wanapoondoka. Hata mimi mwanawe nilikuwa namwonea huruma, na huruma ya mtoto kwa mzazi ni mzigo usio wa umri wake.

Kisha sufuria zikaadimika madukani. Wakati huo walikuwapo mafundi waliojua kuyeyusha vyuma vyepesi na kumimina sufuria kwenye mchanga, na macho ya watu yakaanza kuziangalia ndege zetu kwa namna mpya. Asubuhi moja tulikuta bawa limekatwa kipande kama sinia. Baba alikaa chini, akalishika lile tundu kwa vidole kama mtu anayepima jeraha. Jioni ile akaenda kilabuni, mahali ambapo si kawaida yake kwenda, akawaambia wanywaji kwamba rubani wa ndege ile alifia kitini na hajazikwa mpaka leo, na kwamba anayekata bawa anamkata yeye. Baba hakuwa mwongo, ndiyo maana walimwamini. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kugusa hata msumari wake mmoja.

Ingekuwa imeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika. Lakini ulimi hauna mfupa. Shuleni watoto walinizunguka, mimi binti wa mfagiaji ambaye hakuna aliyekuwa akimtafuta, wakataka kujua kama nimewahi kumsikia huyo rubani. Nikasema ndiyo, namsikia. "Anasemaje?" Sikuwa nimejiandaa. Ilikuwa saa ya jua kali, koo limenikauka, na neno la kwanza lililonijia ndilo nililolitoa: anaomba maji. Binti mmoja akanikatia nusu ya hindi lake la kuchoma, na kwa wiki nzima nikawa mtu. Nikalirudia kila nilipoulizwa, nikiongeza na sauti yake ya kukwaruza.

Mwaka ule mvua ya Novemba haikuja. Desemba ikaingia na vumbi lake. Mahindi tuliyoyafukia kwenye udongo mkavu yaliliwa na mchwa, na kanisani tukaomba mpaka mchungaji akaanza kuishiwa zaburi. Baada ya Krismasi walikuja kwetu wazee watatu, wakitanguliwa na Mzee Lusungu, ambaye kwa kawaida alikuwa akiitwa kwenye mambo mazito tu. Mama akawatolea vigoda.

"Kamwene," alisalimia Mzee Lusungu.

"Ee, kamwene," Baba akaitika.

"Baba Twilumba, hatukuja kukulaumu. Ila mtu kafa na kiu, hajazikwa, anaomba maji kila siku hapo mlangoni kwako, halafu sisi tunashangaa mvua imetupa mgongo?"

Baba akageuka akaniangalia. Yeye hakuwahi kutamka neno maji, na sasa alijua ni nani aliyelitamka. Kwetu, mtu aliyefia mbali, na mwili wake usipatikane, huzikwa kwa kitu chake alichokitumia sana, nao walikuja kuomba kiti cha rubani. Baba alikuwa na njia mbili, na nimezipima maisha yangu yote. Angesema hakuna aliyekufa, ndege zingekatwa siku hiyo hiyo, na mimi ningekuwa mtoto aliyewachezea watu wakati wa njaa. Angenyamaza, angewazikisha watu wazima uongo huku akiwatazama. "Mtoto huyu alisema kweli?" mmoja wao akauliza, akininyooshea fimbo. Nilitaka kusema hapana. Mungu ni shahidi wangu, nilitaka.

"Chukueni kiti," Baba akasema.

Mazishi yalifanyika siku ya tatu. Baba mwenyewe alikifungua kile kiti, akakifunga kwenye shuka la Mama, wakakilaza shimoni, wakamwagia maji na pombe ya ulezi, na mwinjilisti aliyejifanya anapita njia akasimama mbali akasoma sala yake. Kina mama hawakulia mwanzoni, maana utamliliaje mtu usiyemjua jina? Kisha bibi mmoja akaanza kumwita mwanawe. Kijana huyo alichukuliwa kwenye vita ya Wazungu na hakurudi, wala hakuna barua iliyokuja kusema amelala wapi. Akamlilia pale, kwenye kiti kile, na wengine wakampokea, kila mmoja na wake. Baba naye alitupa udongo. Siku ya nane mvua ikanyesha, ikanyesha hasa. Msomi atasema ingenyesha tu, na mimi simbishii. Lakini Mzee Lusungu alipita kwetu amelowa, akacheka kwa mara ya kwanza mbele yangu: "Lisemwalo lipo."

Hatukufikiri mbele zaidi ya hapo. Marehemu alikuwa amezikwa kwa heshima zote, kwa hiyo kitu kilichowatisha watu hakikuwapo tena. Udongo ulipokauka kidogo wakaja na mashoka na misumeno ya chuma, mchana kweupe, wakasalimia kwanza. "Mwenyewe keshapumzika, Baba Twilumba. Hili sasa ni bati tu." Hawakuwa wezi, walikuwa majirani zetu, na hiyo ndiyo iliyomvunja Baba. Kabla mahindi hayajafika magotini, ndege zote mbili zilikuwa zimekwisha, yamebaki magurudumu na mainjini mazito. Wakamletea Mama sufuria moja kama shukrani. Mama akaipikia ugali, maana hakuwa na nyingine. Baba akanawa mikono, akaketi, akaitazama, akanyanyuka akaenda nje kusimama kwenye nyasi zilizokufa kwa kukaliwa na ndege.

Kutoka serikalini hakuja mtu kuzifuata ndege. Tulihamia Mbalizi, Baba akapata kazi ya kufagia soko, na akafagia mpaka mgongo ulipokataa. Hakunigombeza wala hakuniuliza, na mimi sikumwambia nisamehe. Nilikuwa naingoja siku nzuri ya kusema, na siku nzuri hazina haraka. Alikufa nikiwa nimekwisha kuwa mama wa watoto wanne.

Mwaka jana nilishuka Nyololo nikiwa safarini kwenda Iringa, nikatembea kwa miguu inayouma mpaka kule. Uwanda ule sasa ni misonobari mitupu, na mnara wa simu umesimama karibu na palipokuwa nyumba yetu. Watu wa siku hizi wana sufuria za kila rangi, na watoto wao wanasikia ndege angani bila kuinua kichwa. Nilidhani nitakuta kichaka. Nikakuta kaburi limejengewa saruji, limefagiwa, na mwanamke wa umri wa binti yangu ameinama na ufagio. "Shikamoo, mama." Nikamwitikia, halafu nikamweleza kila kitu palepale, kwa kuwa nimechoka kukibeba na kwa kuwa hanijui: hapa hapana mtu, mlizika kiti, na aliyesema anaomba maji ni mtoto mwongo.

Hakushtuka. "Alishakuja mzee mmoja akasema hivyo hivyo, mimi nikiwa mdogo," aliniambia. "Bibi yetu akamjibu kwamba yeye mwanawe amelala hapa, basi. Yule mzee alilia sana. Ila mama, yeye hakutaja mtoto. Alisema uongo wote ni wa kwake, hata hilo la maji."