Siku Ambazo Mzee Aliziacha Wazi

Mwaka ule wa kuhamishiwa vijijini nilikuwa mtunza maktaba ya elimu ya watu wazima, Sindeni. Chumba kilikuwa na rafu mbili, na ya chini niliiwekea madaftari ya mvua. Mtafiti wa kilimo kutoka Korogwe alikuwa amesimika kipimo cha mvua bondeni, na mzee mmoja aliyelima huko alikisoma kila asubuhi. Daftari likijaa aliniletea. Nililiwekea namba, nikalifunika kwa gazeti, nikalipanga. Sikulifungua.

Wilaya ilipotaka kujua kama bonde lile lingefaa kwa kijiji kipya, ofisi ya mtafiti iliagiza madaftari. Niliyapeleka mwenyewe kwa basi, nikijivunia kwamba hakuna hata moja lililopotea. Jibu likaja: bonde lina mvua ya kutosha, watu wahamie.

Mzee alikuja maktaba amekasirika. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa shida.

"Mvua ipi hiyo? Kule mbuzi wanalamba mawe!"

"Lakini mzee, si umeandika mwenyewe?"

"Niliandika ilipokuja."

"Na isipokuja?"

"Naacha wazi. Ukiandika hakuna, unaifukuza. Wewe msomi, mkeo akichelewa kisimani unamchimbia kaburi?"

Kesho yake nilirudi Korogwe. Mtafiti alifungua daftari la kwanza, la pili, akaanza kuhesabu nafasi zilizoachwa wazi. Karani wake alikuwa amejumlisha milimita zote, kisha akagawa kwa siku zilizoandikwa tu. Siku kavu, ambazo ndizo zilikuwa nyingi, hazikuhesabiwa kabisa.

"Hukuwahi kumwuliza nafasi hizi maana yake nini?" aliniuliza.

"Hapana."

"Basi ulikuwa unatunza karatasi."

Aliandika barua ya kusahihisha mbele yangu, nami nikaipeleka wilayani kwa mkono wangu. Waliipokea, wakaigonga muhuri. Nilipofika Sindeni malori yalikuwa yanapakia vitanda na vinu vyetu kuvipeleka bondeni.

Mahindi ya msimu wa kwanza bondeni yalikauka yakiwa yamefika magotini. Serikali ikaleta unga wa njano. Kwenye foleni jirani yangu, mama wa watoto wanne, alinigeukia akiwa na mdogo wao mgongoni.

"Mwalimu, wanasema madaftari yako ndiyo yaliyotuchagulia huku. Kweli?"

Ningeweza kumtaja karani. Ningeweza kumtaja mzee.

"Kweli, mama."

Alinitazama kidogo, akasogeza debe lake mbele.