Mikono Isiyopunguza Neno

Binti wa fundi cherehani alijua lugha ya alama kabla hajaweza kutamka neno "mama", kwa kuwa fundi huyo, mama yake, ni kiziwi. Akiwa na miaka sita ndiye aliyemsemea mama sokoni, benki, hata kwa mwenye nyumba, na kote huko alifunzwa sheria moja: usiongeze, usipunguze. Mwenye nyumba akitukana, tusi lifike zima zima. Alipokua, kazi ya ukalimani haikumpa shida ya kujifunza.

Kwa miaka mitatu alikuwa kibarua wa halmashauri ya mji, anaitwa leo, anasahauliwa kesho. Sasa ajira ya kudumu ilikuwa mezani, na Jumatatu meya angeitia saini. Ijumaa meya huyohuyo, anayegombea tena, alikuwa na mdahalo ukumbini. Kabla haujaanza, msaidizi wake alimvuta mkalimani pembeni.

"Dada, mzee akikwama, mnyooshee kidogo. Wale hawasikii, nani atajua?"

"Watajua wao," alijibu, akapanda jukwaani.

Mambo yalikwenda vizuri hadi seremala mmoja wa safu ya mbele, walipoketi viziwi, aliposimama na kuuliza kwa mikono. Mkalimani akamtolea sauti: "Hospitali ya mji inaita wagonjwa kwa kipaza sauti. Sisi tunakaa tangu asubuhi mpaka dirisha linafungwa. Utafanya nini, na lini?"

Swali lilikuwa dogo. Meya akajikohoza, akapandisha sauti, akasema suala hilo ni nyeti, linaangaliwa, litaendelea kuangaliwa, na wadau wote watashirikishwa katika kuliangalia. Ukumbi ukapiga makofi, maana sauti alikuwa nayo. Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga. Walichosahau ni kwamba mbele ya kiziwi debe tupu ni debe tupu tu. Mikono ya mkalimani ilisema "tunaangalia", ikasema tena "tunaangalia", ikarudia mara ya tatu, na safu yote ya mbele ikaangua kicheko.

Meya akawaona. "Huyu mkalimani anawaambia nini?" aliuliza kwenye kipaza sauti. "Anapotosha maneno yangu. Ametumwa huyu."

Mkalimani aliumia, tena sana, kwa kuwa watu pekee ambao wangeweza kumtetea ni wale ambao hawakusikia alichosingiziwa. Angeweza kuwaficha. Akapiga moyo konde, akawafikishia neno kwa neno: mkalimani anapotosha, mkalimani ametumwa.

Kicheko kikakatika. Aliyesimama safari hii, katika safu hiyohiyo ya mbele, ni mama yake. Mikono ya mama ilikwenda taratibu, na binti akalazimika kuitolea sauti, akisema "mimi" kama kazi inavyotaka.

"Mimi ni mama yake. Nimehesabu. Umesema 'tunaangalia' mara tatu. Kama kuna kingine ulichosema, kiseme tena, tunakungoja."

Ukumbi mzima ukamgeukia meya. Mwendesha mdahalo akamwambia bado ana dakika moja na nusu, na zote zikapita akipangapanga karatasi. Mkalimani akateremsha mikono, maana hapakuwa na la kufikisha. Hata wale waliopiga makofi mwanzoni walikuwa wanaitazama mikono ile, na hakuna aliyehitaji kuambiwa nani ameshindwa.

Mlangoni msaidizi alikuwa anamsubiri.

"Jumatatu usije. Wala siku nyingine."

Unga ulikuwa umeshamwagika. Mama, aliyeona midomo ikicheza, akamgusa bega: amesema nini?

Kwa mara ya kwanza tangu utotoni, binti alitamani kupunguza. Aseme tu kwamba yule bwana ameaga. Mama alikuwa anamtazama mikononi, anangoja. Binti akaiinua, akamwambia yote, pamoja na ile "siku nyingine".