Ramani Yao Haioni Korongo, Mimi Naliona

Admin, jina langu lifiche na kijiji usikitaje, sema tu ni huku upande wa Mwazye. Nina miaka thelathini na sita, mke mkubwa kwenye nyumba ya wake wawili. Sisi wafugaji, wazazi wetu walihamia Rukwa na ng'ombe wao wakitokea Shinyanga.

Jamani, wivu unaniua. Mume wangu kaoa binti mbichi wa miaka ishirini na mbili, na akinikuta ananipigia magoti, "Shikamoo, dada." Shikamoo! Utadhani mimi bibi yake. Na alikowekwa ni ng'ambo ya korongo, kwenye nyumba niliyoikandika mimi kwa mikono hii. Mimi nilihamishiwa huku barabarani baada ya kumpoteza mwanangu wa kwanza. Uchungu ulinishika mvua zimekolea, korongo limefurika, hakuna wa kunivusha. Sasa yule naye ana mimba, na baba watoto kila siku yuko kule anambembeleza. Mimi nilimzalia watatu baadaye, hata chungwa sikuwahi kununuliwa.

Wiki iliyopita walikuja vijana wawili kutoka Sumbawanga, wanapima ramani. Wanatafuta kitongoji kilicho mbali na zahanati wakiwekee skrini na umeme wa jua, ili mjamzito aongee na daktari aliyeko mjini, na kama kuna hatari ionekane mapema. Kifaa ni kimoja. Kwa kuwa niko kamati ya afya walikaa kwangu, wakanifungulia kishikwambi. Kwenye ramani kitongoji chetu kinaonekana mbali na zahanati, cha mke mwenzangu karibu. Basi kifaa kije kwetu.

Wenyewe walivuka lile korongo kwa pikipiki, kiangazi hiki, mchanga mtupu. Hawajui kwamba mvua zikishika ng'ambo ile ni kisiwa, wakati sisi gari linatufikia mwaka mzima. Na wanaume wa kule wako bondeni na ng'ombe, vijana walipoitisha kikao hakuja mtu wa kule. Binti wa ramani akaniuliza, "Mama, kuna kitu hatujakiona hapa?"

Nikamjibu, "Hamna, mwanangu. Mmemaliza." Nikawaongeza chai.

Niseme tu ukweli. Siyo mume peke yake. Namwonea yule binti wivu kwa mtoto ambaye hata hajazaliwa. Kwa nini yeye ajifungue salama akitokea nyumba ileile, daktari anamwangalia, wakati mimi nilibaki kutazama nyasi za paa? Mimi nani alinipimia ramani?

Jumamosi wanarudi kuhakikisha, wakishamaliza kifaa kinafungwa. Nikisema, mume atahamia kule jumla. Nikinyamaza, yule atajifungua mvua zikiwa katikati, na mimi najua kule kukoje.

Jana kaja kunisalimia na maziwa ya mgando. Akacheka, "Dada, hilo korongo mnaloliogopa mbona mchanga tu?" Nikayapokea maziwa. Wakati anaondoka akageuka, "Halafu lile kaburi la mtoto wetu nyuma ya nyumba, nimeling'olea majani. Nimelizungushia na mawe, ng'ombe wasije wakalikanyaga."

Mtoto wetu, kasema. Mume mwenyewe hajawahi kulisogelea.

Ndugu zangu, matusi nitayapokea, ila na ushauri mnipe. Jumamosi nifungue mdomo, au niwaongeze tena chai?