Baba Baiskeli

Fundi wa baiskeli aliye karibu na geti letu hapa mtaani Dallas huosha cheni kwa mafuta ya taa. Harufu hiyo ikinifikia, hasira hunipanda kabla hata sijakumbuka ni ya nini.

Ni ya sufuria ya uji. Baba alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya baiskeli. Kila Jumapili, sisi tukienda kanisani, yeye aliteremka kwa baiskeli hadi Mitunguu, kule chini bondeni, na kupanda tena mlima wote hadi nyumbani. Siku hiyo tulimkuta jikoni, miguu imejaa vumbi jekundu, ameloweka cheni kwa mafuta ya taa ndani ya sufuria yetu ya pekee. Mdogo wangu alikuwa akilia njaa mgongoni mwa mama.

"Hiyo sufuria ni ya uji wa mtoto," mama akasema.

"Cheni ikishika kutu nitashinda vipi?" Hakuinua hata macho.

Kwetu mwanamume huitwa kwa jina la kifungua mimba wake. Kifungua mimba ni mimi, na mama hakuwahi kumwita baba kwa jina lingine ila langu. Siku hiyo alisema, "Haya basi, Baba Baiskeli."

Lilikuwa tusi. Lakini baba alicheka, likampendeza, akalipeleka hadi sokoni. Jina langu halikurudi tena.

Juzi nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Sauti ya mzee ikasema, "Ni mimi, Baba Baiskeli."

Nikamwambia amekosea namba.