Mafuta ya Kitoga kwenye Tundu la Ufunguo

Jamani, mkasa huu nimeukwepa muda mrefu, na kila tunapokutana lazima mmoja wenu aanze, "Gasto, hebu tupe ile ya pantoni," na mimi najifanya nimesikia mtu ananiita nje. Leo nimeamua kuusema mwenyewe, maana nikiwaachia nyinyi mtautia chumvi, na kusema kweli hauhitaji chumvi, aibu iliyomo inatosha kabisa. Niliumbuka mbele ya watu wa pande zote mbili za mto Kilombero, na kibaya zaidi niliumbuka mbele ya wakwe zangu, siku ya posa.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa dereva wa Mzee Mbaraka, yule aliyekuwa na duka la vitambaa hapa Ifakara (mtu wa pwani, mpole, ila pikapu yake aliipenda kupita kiasi, akiifuta vumbi kwa kitambaa kipya cha dukani). Magari wakati ule yalikuwa ya kuhesabu, na dereva alikuwa mtu hasa. Ukipita watoto wanakukimbilia nyuma, akina mama wanasogeza mbuzi, na wewe umetoa kiwiko dirishani, husalimii mpaka usalimiwe. Maringo nilikuwa nayo, sikatai.

Sasa ng'ambo ya mto nilikuwa nimempata binti, Veronika, na nilimpenda mpaka usingizi ukawa wa shida. Tatizo lilikuwa baba yake. Mzee Anselimu, mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache, alikuwa ameshatangaza kwamba madereva hawataki. "Dereva leo yuko hapa, kesho yuko Mahenge, keshokutwa ana mke Kilosa," ndivyo alivyokuwa akisema, na watu hawakukosa kunifikishia. Baada ya kubembelezwa sana akakubali kutupokea, mimi na mshenga wangu, baba mdogo Longino, siku moja tu, na jibu lake angelitoa siku hiyohiyo. Akikataa, basi tena, maana kulikuwa na mwalimu mmoja naye amekaa mkao wa kungoja, kijana msafi, ana baisikeli mpya yenye taa.

Baba mdogo alisema na sisi twende kwa baisikeli, tena mapema, kabla jua halijakolea. Na hapo ndipo nilipojiharibia.

"Baba mdogo," nikamwambia, "mwalimu ana baisikeli. Na mimi niende na baisikeli? Nitakuwa nimemzidi nini?"

Basi nikaenda kumwomba Mzee Mbaraka pikapu, nikaomba mpaka akachoka kunitazama, akanipa kwa shingo upande. Nikatuma salamu ng'ambo kwamba tunakuja na gari. (Hakuna aliyeniuliza. Nilituma tu.)

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mnaujua mwezi huo hapa kwetu, mvua inatangazwa kila siku na haiji, na joto la bondeni linakukalia kifuani. Pikapu ilikuwa imeshinda juani mbele ya duka. Nikaingia, kiti kinaunguza, usukani haushikiki, natia ufunguo, haugeuki. Nikautoa, nikaupuliza, nikautia tena, wapi. Wanaoendesha wanajua habari hii: jua likikaza chuma kinatanuka, na tundu la ufunguo lenyewe limeshajaa vumbi la barabarani, basi ile nafasi ndogo iliyokuwapo inakwisha na ufunguo unabanwa pale pale. Dawa yake ni kivuli na subira. Mimi vyote viwili sikuwa navyo.

Mafuta ya mashine yalikuwa yamekwisha. Baba mdogo alikuwa kibarazani anamalizia wali wake kwa kitoga, yule samaki wetu wa mtoni mwenye mafuta mengi, na mafuta yenyewe yamebaki chini ya bakuli, ya manjano, yanang'aa. Nikayatazama, halafu nikautazama ufunguo.

"Unafanya nini kwenye mboga yangu?" akaniuliza.

"Nalainisha ufunguo."

"Kwa mafuta ya samaki?"

"Mafuta ni mafuta, baba mdogo."

Nikauchovya, nikautia, nikauchovya tena, na kwa kuwa nilikuwa fundi mkubwa nikachota mafuta kwa kijiko nikayamimina mengine ndani ya tundu. Ufunguo ukageuka! Injini ikaitika! Nikamtazama baba mdogo kwa jicho la pembeni, naye akalamba vidole, tukaondoka na vumbi letu kuelekea kivukoni, mimi nimevaa koti langu la pekee, natoka jasho na furaha.

Pale kivukoni, wakati huo, pantoni ilikuwa ya kuvutwa kwa kamba, wanaume wanaimba na kuvuta, na sheria yake ilikuwa moja: gari likishapanda, injini izimwe. Nikapanda, nikazima. Tukaelea polepole juani, hakuna hata kivuli cha mwavuli, na kule ng'ambo nikaanza kuwaona. Walikuwa wamejaa! Salamu zangu zilikuwa zimefika vizuri mno. Mzee Anselimu mbele na fimbo yake, shangazi, wajomba, majirani, watoto wasiohesabika, Veronika na kanga mpya, na pembeni kidogo, amegeuka upande, mama yake.

Hapa niwaeleze vijana, maana siku hizi mnakaa na wakwe zenu sofa moja. Kwetu zamani mama mkwe hatazamwi usoni. Ukimwona unasimama mbali, unachuchumaa, unatazama chini, unaamkia, naye anakuitikia akiwa amegeuza uso. Na mimi niliyekuja kuposa, ndiyo kabisa.

Pantoni ikagusa nchi kavu. Maji ya mto yalikuwa yamepungua, kwa hiyo njia ya kutokea ilikuwa mlima wa mbao uliosimama, hapatoki gari bila injini. Nahodha akapiga kelele, "Dereva, toa gari!" Nikatia ufunguo kwa madaha, watu wote wananitazama. Haukugeuka. Nikatabasamu. Nikajaribu tena. Nikaacha kutabasamu.

Baba mdogo akashuka na miguu yake, akapanda juu kwa wakwe. Nikamsikia Mzee Anselimu anauliza kuna nini, na baba mdogo, Mungu amrehemu, akajibu, "Gari linapumzika kidogo."

Ikabidi nishuke nikaamkie. Nikachuchumaa. "Shikamoo baba." "Marahaba." "Shikamoo mama." Sauti ikatoka nyuma ya kanga, "Marahaba mwanangu." Vijana wawili wakaja wakasema waisukume pikapu. Wenzangu, ningekubali pale, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nitawezaje kuwasukumisha ndugu wa mchumba wangu kabla hata sijapewa maji ya kunywa? Nikasema, "Hapana, hapana, msichafuke, dakika moja tu!"

Nahodha hakuwa na dakika. "Nina watu ng'ambo," akasema. "Unatoka, au turudi wote?" Nikarukia usukani nijaribu mara ya mwisho, na kumbe kamba imeshavutwa. Nikainua kichwa, naona wakwe zangu wanapungua.

Wakapanda watu upande wa Ifakara, na miongoni mwao wachuuzi wa samaki. Mama mmoja akaweka tenga lake karibu na mlango wangu, akanusa, akanusa tena. "Humu nani ana kitoga cha kukaanga?" akauliza. "Changu bado kibichi." Nikanyamaza. Lakini inzi hawakunyamaza, walikuwa wameshajaa kwenye lile tundu kama wamealikwa, na abiria wote wakaja kuchungulia, kila mmoja na ushauri wake. Mmoja akasema chuma kipoze. Nikachota maji ya mto nikamwagia boneti, ikafuka mvuke. Mwingine akasema poza kwa ndani. Nikavua koti langu la posa, nikalilowesha, nikalifunika pale penye ufunguo. Halikusaidia kitu, na pantoni ikagusa tena ng'ambo, nikalivaa likiwa linachuruzika, maana mbele ya wakwe huendi na shati tupu.

Nikachuchumaa. "Shikamoo baba."

"Si umeshaniamkia?" akasema Mzee Anselimu.

"Nimetoka safari, baba."

Akafikiri. "Ni kweli," akasema. "Marahaba. Habari za huko utokako?"

"Huko nzuri, baba."

Nikamwamkia na mama, naye akaitikia, ila nikaona kanga yake inatikisika mabegani. Veronika ndiye alikuwa ameinama kabisa, ameshika mbavu, na kicheko chake kiliniuma kuliko lile jua. Nikasema moyoni, mwalimu kashinda. Nahodha akaita, nikarudi garini nimenywea, tukavuka tena.

Mara ya tatu tulipokaribia, watoto walikuwa wameshatunga wimbo, "Huyo anakuja, huyo anarudi," na watu wakawa wanapiga makofi kabisa, sherehe imeanza bila mimi. Nikashuka, nikachuchumaa, nikaamkia. Safari hii Mzee Anselimu alijibu kwa kuinua fimbo tu. Lakini mama Veronika akafunga kanga kiunoni, akawageukia wanawake wenzake, na akasema kwa sauti iliyovuka mto, "Jamani, wali unapoa! Mgeni wa namna gani huyu, anapita kila saa kama barua? Njooni tusukume!"

Nikataka kukataa, ila nani atamkatalia mkwe? Nikaambiwa nikae kwenye usukani. Wanawake wakajipanga nyuma, vijana wakafunga kamba mbele, wimbo ukapandishwa, na pikapu ikaanza kupanda zile mbao, kidogo kidogo, mimi nimeshika usukani kwa mikono miwili, moyo umeanza kurudi. Tukafika juu! Vigelegele! Vijana wakaachia kamba, gari likaanza kwenda lenyewe kwa ule mteremko mdogo wa barabara, akina mama bado wanasukuma kwa furaha, na mimi kwa mazoea ya udereva nikainua macho kwenye kioo cha kutazamia nyuma.

Kioo kizima kilikuwa uso wa mama mkwe.

Karibu kama hapa na pale! Uso mzima, jasho, meno, anacheka, ananitazama ndani ya macho. Jamani, mimi nililelewa. Sikufikiri. Nikafumba macho yote mawili na kuinamisha kichwa, kwa heshima kabisa, na nikabaki hivyo.

Gari halikuwa na heshima hiyo. Likaacha barabara, nikasikia matete yanapita ubavuni, nikasikia watu wanapiga mayowe, halafu nikasikia maji. Nilipofumbua macho nilikuwa kwenye dimbwi la kando ya mto, maji yamefika magotini ndani ya gari, chura mmoja yuko kwenye kiti cha baba mdogo. Kwa kutojua la kufanya nikashika ufunguo, na ufunguo, wenzangu, ukageuka. Laini! Yale maji yalikuwa yamerukia mle tunduni yakaupoza na kuuosha, na sasa ni injini ndiyo iliyozama.

(Kesho yake pikapu iliporudishwa kwa kamba, Mzee Mbaraka hakunigombeza mara moja. Aliutoa ufunguo, akaunusa, akafumba macho, akauliza, "Gasto, hili ni gari au jungu?" Kisha akanionyesha masalia ya mle ndani: mafuta ya kitoga na vumbi vimechanganyika, vimeiva kwa joto, vimekuwa gundi. Nililifuta gari lile kwa mafuta ya taa wiki nzima, na paka wa mtaa walihamia chini yake wakakaa mpaka mvua ziliponyesha.)

Tukarudi kwenye siku yenyewe. Nilitoka dimbwini nimelowa, nimekatwa na matete, nikaenda kuchuchumaa mbele ya Mzee Anselimu, na sikuwa hata na nguvu ya kuamkia. Baba mdogo akakohoa kile kikohozi cha mshenga anayetaka kuomba radhi na kuondoka.

"Kijana," akasema Mzee Anselimu, "barabara ilikuwa nyeupe mbele yako. Uliona nini?"

"Kioo, baba."

"Kioo kina nini?"

Nikatazama chini. "Alikuwamo mama."

Kwanza hakuelewa. Halafu akamgeukia mkewe, akaligeukia gari la watu lililozama mpaka taa, akanigeukia mimi, na nikaona yale masharubu yanaanza kucheza. Alicheka, jamani. Yule mzee ambaye watu walisema hacheki alicheka mpaka akaiachia fimbo, na mama Veronika akakaa chini pale pale matopeni na kanga yake usoni.

"Mwalimu," alisema alipopata pumzi, "alipokuja hapa alimtazama mke wangu kama anasoma ubao. Huyu ametia gari la tajiri wake majini asimwone. Longino, sina neno tena, mtoto ni wenu." Watu wakaanza vigelegele, naye akainua mkono. "Ila ngojeni. Nina sharti moja, na hili silipunguzi. Mwanangu atakwenda kwake kwa miguu."

Na alikwenda kwa miguu, siku ya harusi, kutoka kivukoni mpaka Ifakara, na mimi pembeni yake na viatu mkononi, nina furaha mpaka naona haya. Sijapata tena kwenda ukweni na gari, hata nilipokuja kupata la kwangu. Naliacha upande huu, nazima, navuka na kanzu yangu safi, na nikifika juu nachuchumaa.