Theluji Imeondolewa Saa Moja Asubuhi

Chumba cha kufulia cha hospitali kiko chini ya ardhi, na dirisha lake pekee linatazama matairi ya magari ya madaktari. Humo ndani mna mashine nne za kufulia, mbili za kukaushia, na pasi ya roli ndefu kuliko kitanda, ambayo mtu mmoja huilisha shuka upande huu na mwingine huzipokea upande ule. Mna pia mwanamke wa miaka hamsini na minane anayeitwa Shangazi na watu wote, wakiwemo waliomzidi umri. Kwa miaka kumi na tisa Shangazi ameutumia mwezi wa Desemba kusoma hadithi za Krismasi, za aina ile ambayo jalada lake huwa na dirisha lenye mwanga na mbwa.

Watu waliosoma sana wanazijua hadithi hizi bila kuzisoma. Kuna mjane mwenye duka la mikate. Kuna mwanamume aliyetumwa kutoka mjini kuja kulifunga. Theluji inaanguka, gari linakwama, mbwa anapotea na kupatikana, na ikifika tarehe ishirini na nne mwanamume ameshasahau nani alimtuma. Shangazi anavyo vitabu ishirini na sita vya namna hiyo, ndani ya katoni iliyokuwa ya sabuni, na hakuna hata kimoja ambamo mbwa hakupatikana. Ameshahakikisha.

Cha kwanza alikikuta mfukoni mwa koti la mgonjwa, kikiwa kimekwisha kufuliwa kwa maji ya moto pamoja na koti lenyewe. Kanuni za idara zinasema kitu kilichookotwa kikae kabatini miezi sita kikimsubiri mwenyewe. Kikakaa, kati ya seti ya meno ya bandia na saa isiyotembea. Mwenyewe hakuja, manesi walisema alikwenda nyumbani kwa miguu yake, na Shangazi akaona hilo ni jambo zuri kusikia kuhusu mwenye kitabu. Kurasa nne za mwisho zilikuwa zimegeuka uji. Akanunua kingine ili ajue hadithi kama zile huishaje. Akanunua cha tatu ili kuhakikisha. Wakati huo mumewe alikuwa ametoka kwenda kununua betri za redio, na mpaka leo bado anazichagua, kwa hiyo jioni za Shangazi zilikuwa na nafasi.

Kusoma kwa sauti kazini kulikuja baadaye. Mashine ikishajazwa shuka za wodi na kufungwa, huchukua dakika thelathini na nane. Sura moja ya hadithi hizo huchukua dakika thelathini na tano, ukiongeza tatu za ubishi. Mikono ya kukunja taulo haihitaji masikio. Basi Desemba ikifika, Shangazi hukaa juu ya robota la taulo na kusoma, wenzake wakimkunjia fungu lake. Naye kwa upande wake hufika nusu saa kabla ya wote na kuzijaza mashine zote nne peke yake. Makubaliano haya hayakuandikwa popote, na huenda ndiyo maana yalifuatwa.

Wenzake ni watatu. Kuna dada wawili wa pasi, ambao si ndugu ila wamegombana muda mrefu kiasi cha kuhesabiwa ndugu. Na kuna Kipara, mwendesha mashine za kukaushia, mwenye nywele tele. Alinyoa mara moja tu, mwaka alioajiriwa, na jina likamwahi.

"'Alisimama mlangoni, theluji mabegani,'" Shangazi alisoma.

"Asimfungulie," alisema dada mkubwa wa pasi.

"Atamfungulia. Bado kurasa arobaini, unadhani watazungumzia nini?"

"Nasema asimfungulie! Alikuwa wapi tangu mwezi wa sita?"

"Alikuwa anajitafuta," alisema Kipara.

"Ajitafute huko huko."

"Nyie, mimi nasoma au natoa ushahidi?" aliuliza Shangazi, na shuka zikaendelea kuzunguka.

Kati ya hao wanne hakuna aliyewahi kuiona theluji. Lakini mashine za kukaushia huvuna kutoka kwenye shuka vumbi jeupe la nyuzi, jepesi, linalojaa kwenye chujio na lazima liondolewe mara nne kwa siku, kwa sababu linashika moto haraka kuliko karatasi. Desemba moja Kipara alivuta chujio, akashika bumba lililojaa viganja viwili, akasema, "Shangazi, theluji yenu hii hapa." Wakacheka siku hiyo. Siku ya pili hawakucheka, walilitumia jina hilo tu. Baada ya mwaka jina lilikuwa limeingia kazini kabisa, na Kipara, ambaye ndiye mwenye daftari la mashine, akawa anaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Saa moja asubuhi, theluji imeondolewa, namba mbili.* Miaka sita aliandika hivyo, masika na kiangazi.

Mwishoni mwa Novemba walikuja wakaguzi wa moto. Walikagua nyaya, wakakagua mitungi, wakaomba daftari, wakalisoma wamesimama. Ripoti yao ilikuwa ya ukurasa mmoja na haikukusudia kuchekesha. *Idara haina kumbukumbu yoyote ya kuondoa vumbi la nyuzi kwa miaka sita. Idara ina kumbukumbu kamili za kuondoa theluji.*

Ripoti hiyo ilimwangukia msimamizi mpya, kijana wa umri wa binti wa pili wa Shangazi, aliyekuja na shahada mbili na tai moja. Si mtu mbaya. Alishuka chini, akauliza, na ndani ya robo saa alikuwa ameufuata mzizi wa jambo mpaka kwenye robota la taulo. Kesho yake Shangazi aliitwa ofisini.

"Keti, Shangazi."

"Nimesimama miaka thelathini na moja, bosi. Dakika tano hazitanivunja."

Akampa karatasi. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri. *Mimi niliyetia saini hapa chini nakiri kwamba nimekuwa nikisoma hadithi za kipuuzi saa za kazi, jambo lililosababisha makosa katika kumbukumbu za idara, na naahidi sitarudia.*

Shangazi aliisoma mara mbili, kama anavyosoma kila kitu. "Kumbukumbu, kweli tumekosea," alisema. "Vumbi liitwe vumbi. Nimeshamwambia Kipara, ameanza kuandika, ingawa analia. Saa za kazi, sawa, ni saa zenu. Sitasoma tena mashine zikizunguka. Kosa langu nalikubali lote. Ila hili neno."

"Neno gani?"

"Kipuuzi."

Msimamizi aliichukua karatasi, akalitafuta neno kana kwamba lilikuwa limejiandika lenyewe. "Shangazi, ni neno moja tu."

"Ndiyo nashangaa linavyokushinda kufuta."

"Karatasi imeshapita kwa wakuu."

"Wao wamesoma ngapi?"

"Karatasi?"

"Hadithi."

"Sidhani kama—"

"Na wewe?"

"Mimi sisomi vitu hivyo. Lakini kila mtu anajua vinavyoisha."

"Basi andika 'hadithi ambazo hatujazisoma.' Hiyo nitaisaini sasa hivi, kalamu ninayo."

Msimamizi alivuta pumzi, akaeleza kwa upole kwamba ana mpaka Ijumaa ya wiki inayofuata. Asiposaini atahamishiwa stoo ya mafaili, ng'ambo ya korido, kuanzia Jumatatu, na atabaki huko mpaka atakapostaafu. Hakuna mtu mwingine stoo. Ni yeye na mafaili ya wafanyakazi, waliopo na walioondoka.

Habari zilimtangulia kurudi chumbani. "Saini, Shangazi," alisema dada mdogo wa pasi. "Utatuacha na huyu?" Akaelekeza kidevu kwa dada mkubwa.

"Mimi ndiye nitakayeachwa naye," alisema Kipara.

"Nitasaini nini? Kwamba miaka yote hii nimewasomea upuuzi, na nyie mlikuwa mnalia kwa upuuzi?"

"Nani alilia?" aliuliza dada mkubwa.

"Yule mtoto alipopelekewa barua na posta iliyokuwa imefungwa. Ulisema ni mvuke."

"Ulikuwa mvuke."

Mashine namba tatu ikapiga kengele.

Jumapili alikwenda kwa binti yake mkubwa, ambaye ameolewa na mwalimu wa fasihi wa chuo. Mkwe huyu humheshimu sana mama mkwe wake, na kwa heshima hiyo kila mwaka humletea kitabu kizuri. Kilichotangulia kilikuwa cha kurasa mia sita kuhusu familia moja na ukame.

"Mama, umekimaliza?"

"Nimekimaliza, baba. Wamekufa wote."

"Ndiyo. Ni kazi kubwa sana."

"Ilionekana. Hata mbuzi."

Walipomweleza habari ya karatasi, mkwe aliweka kikombe chini. Alisema kwamba, kwa kuwa anaulizwa (hakuwa ameulizwa), hadithi za namna ile zinamdanganya msomaji. Dunia haiko hivyo. Ila mama asaini, ni karatasi tu, asije akamwaga unga wake mwishoni mwa safari.

"Dunia iko vipi, baba?"

"Mama?"

"Nakuuliza wewe uliyesoma. Mimi shuka zangu zinatoka wodini. Zinanijia kwa mikokoteni, kilo mia nne kwa siku, na hakuna anayenifichia kitu. Najua iliyotoka kwa mzazi, najua iliyotoka kwa ajali, na ile ambayo mtu amelala miezi mitatu hajageuzwa naijua nikiwa mlangoni. Hadithi zinazoisha vibaya nimeshazifua, baba. Nimezipiga pasi. Sasa mwezi mmoja kwa mwaka natafuta mbwa aliyepotea apatikane, halafu mtu mwenye tai ananiambia mimi ni mpuuzi?"

Binti alitazama dirishani. Mkwe alikiinua kikombe chake, akakirudisha bila kunywa. Halafu akasema, kwa sauti yake ya kusahihisha, kwamba bado anaziona hadithi hizo dhaifu, hasa upande wa mbwa. Lakini "kipuuzi" ni neno la hukumu, na aliyelitumia hajasoma hata kitabu kimoja, na mwanafunzi wake angemwandikia hivyo angemrudishia kazi.

"Basi mrudishie," alisema mama mkwe wake. "Na nyie mtanipakulia au tunakula fasihi?"

Ijumaa alirudisha karatasi. Neno "kipuuzi" lilikuwa limekatwa kwa rula, mstari mmoja ulionyooka, na juu yake kwa mwandiko wa kukokota palikuwa pameandikwa "Krismasi". Chini palikuwa na saini yake, kubwa, ya mtu asiyesaini mara nyingi.

"Shangazi, hii siwezi kuipokea."

"Umeishika, bosi. Umeshaipokea."

"Unajua maana yake ni stoo."

"Najua iliko. Taa yake moja imekufa, uwaambie mafundi. Mimi nasoma."

Jumatatu alihama. Alibeba kikombe, kandambili na katoni ya sabuni, na Kipara akambebea robota la taulo kuukuu lililokuwa linasubiri kutupwa, kwa maelezo kwamba stoo haina kiti. Kazi ya stoo ni kupanga mafaili ya wafanyakazi na kuingiza karatasi mpya zinazoshuka kutoka ofisini. Karatasi ya kwanza aliyoletewa kuingiza ilikuwa yake mwenyewe. Wakuu walikuwa wameigonga muhuri wa kupokelewa bila kuisoma, mstari wa rula na yote. Alilitafuta faili lake, akaifunga mbele kabisa, pale inapoonekana kwanza, akaendelea kuyapanga mengine kwa herufi.

Saa saba ni mapumziko, dakika arobaini na tano, na hizo zimeandikwa kwenye sheria. Saa saba na dakika mbili mlango wa stoo ulisukumwa. Aliingia dada mkubwa wa pasi na bakuli lake la chakula, halafu dada mdogo na lake, wakigombana kuhusu nani alilifikiria kwanza. Nyuma yao alikuja Kipara, na nyuma ya Kipara wahudumu wawili wa mikokoteni ambao hawakuwahi kupata nafasi ya kusikiliza, kwa sababu mikokoteni haisimami saa za kazi.

"Tulikuwa sura ya tatu," alisema dada mkubwa, akikaa juu ya boksi la waliostaafu.

"Ya nne," alisema mdogo. "Gari limeshakwama."

"Sisi hatujui gari gani," alisema mmoja wa mikokoteni.

"Tunaanza upya," alisema Shangazi, na hakuna aliyepinga, hata wale waliojua kitakachotokea. Hao ndio waliosogea mbele zaidi.

Walikuwa wamefika mbali katika hadithi msimamizi alipofungua mlango. Alitazama watu sita, bakuli, katoni, robota la taulo.

"Hii ni nini?"

"Mapumziko, bosi," alisema Kipara.

"Mnajua kwa nini alihamishwa huku?"

"Tunajua," alisema dada mdogo wa pasi. "Tumelisoma faili."

Msimamizi alitazama saa yake, na kwa kuwa ni mtu wa kanuni alisema jambo pekee ambalo kanuni zilimruhusu. "Zimebaki dakika kumi na moja."

"Kumi," alisema Shangazi, "moja umeitumia." Akalamba kidole, akafunua ukurasa, na kupaza sauti ili wa nyuma wasikie.