Mzee Ameinama

Waliocheka wametosha. Walicheka mpaka kanisani, tena siku ambayo hata mbwa hatakiwi kubweka, kwa hiyo nasema mwenyewe mapema kabla hamjaambiwa na wengine: ndiyo, mimi ndiye yule bibi wa huku Igowole aliyemlilia mume wake kwa kujigaragaza chini, huku mume mwenyewe yuko kwenye basi anatafuna mahindi ya kuchoma. Nimeaibika, sikatai. Lakini nataka mjue kosa lilikuwa la nani, maana langu ni dogo sana mkinipa nafasi nieleze.

Mimi shule niliiona kidogo tu, nikaambiwa inatosha, nikashika jembe. Lakini mimea naijua, na inanijua. Mwaka juzi binti yangu Upendo, anayeishi Mbeya, alikuja kunisalimia akanionyesha kwenye simu yake watu wanaootesha mti kwenye chombo kama sahani. Mti mzima, una shina, una mizizi, umekunjamana kama kikongwe, lakini urefu wake unakufika gotini. Wanaita bonzai. Mmoja wa miti hiyo matawi yake yote yalikuwa yameanguka chini kama nywele za mtu aliyenyeshewa, Upendo akasema, “Mama, huo unaitwa mti unaolia.” Nikamwambia na mimi nitaotesha wangu na utalia. Akacheka. Sipendi kuchekwa.

Basi nikaomba kijiti cha wilo kwa mama mmoja wa kule bondeni (wilo ni ule mti wa majani membamba, unapenda maji kama bata), nikakichomeka kwenye karai kuukuu, kikashika. Kuulisha haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kuuliza, na hapa sisemi kuuliza swali, nasema kuufanya ulie. Maana wilo niliopewa mimi kila tawi linataka mbinguni. Unaliinamisha leo, wiki ijayo ncha imeinuka tena kama pua ya mtu mwenye maringo. Nikafunga vijiwe kwenye matawi, tawi likakatika. Nikafunga kwa uzi wa kusukia nywele, mvua zikauozesha. Mwisho nikachukua waya mwembamba, nikawa nauzungusha kwenye tawi likiwa bado changa, naliinamisha kwa vidole kidogo kidogo kama mtu anayemnyoosha mtoto mguu, na ukisahau kuulegeza unaingia kwenye gome unaacha kovu. Matawi mengine yalikauka tu bila sababu, mti huu hauna shukrani. Nikakata, nikaanza upya. Na kwa kuwa kule kwenye simu walisema bonzai nzuri ni ile inayoonekana imezeeka, nikaupa jina, nikauita Mzee. Hilo ndilo kosa langu. Nimeshalisema, tusilirudie.

Sasa, kwenye kikao cha akina mama wa kanisa tukawa tunapanga mapambo ya Ijumaa Kuu. Anayeshika mapambo ni Mama Tuse, jirani yangu, na kila mwaka anatoa maua yale yale ya plastiki ambayo yamepauka mpaka huwezi kusema yalizaliwa na rangi gani. Nikasimama nikasema mwaka huu nitaleta mti unaolia, hai, ukae pembeni ya msalaba. Mama Tuse akaniangalia juu mpaka chini. “Mama Upendo, huo mti unalia nini, umefiwa?” Kikao kizima kikacheka. Lakini Mchungaji akasema, “Ulete mama, ukilia tutauweka mbele.” Kwa hiyo mnaelewa, nilikuwa nimeshatoa neno mbele ya watu, na mti ulitakiwa uwe unalia ifikapo Ijumaa Kuu, la sivyo maua ya plastiki na mimi mdomo wangu niufunge mpaka uzeeni, na uzeeni kwenyewe ndiko huku niliko.

Wiki ile ile mume wangu, Baba Upendo, akaenda Mbeya kwa binti yake kutibiwa macho. Nikabaki na kazi yangu. Jumatatu nikatoa waya zote, nikakaa nikautazama mti. Haukuinuka. Nikaenda kupika, nikarudi, haujainuka. Matawi yote yameshuka, mazuri, yanalia kweli kweli! Nikataka Mama Tuse awe wa kwanza kujua, ili asikie vizuri. Mimi kwenye simu siandiki, zile herufi ni ndogo na vidole vyangu ni vya jembe, kwa hiyo nikabonyeza pale pa kuongea, nikamsalimu kwa lugha ya kwetu, nikasema hivi, na maneno yenyewe nayakumbuka kwa sababu yamechezwa mbele yangu mara nyingi kuliko wimbo wa harusi:

“Mama Tuse, kamwene. Mzee ameinama jamani! Kichwa kimeshuka kabisa. Leo nimemtoa zile waya zote, na hajainuka tena. Njooni mumwone wenyewe kabla ya Ijumaa Kuu.”

Nawauliza nyie mnaonisikiliza, kuna ubaya gani hapo? Sauti yangu ilikuwa ya furaha. Mama Tuse anadai ilikuwa inatetemeka. Ilitetemeka kwa baridi! Huku kwetu ukungu wa jioni unakuingia mpaka kwenye meno.

Kesho yake asubuhi nikafunga mlango kwa kufuli, simu nikaiacha ndani inachajiwa, mti nikauacha kwenye gogo lake hapo mlangoni, nikachukua ndoo nikashuka mtoni kutafuta yale majani laini yanayoota juu ya mawe kama zulia, nifunike udongo wa karai upendeze. Huko nilikaa sana, nilikuwa nachagua.

Kurudi, nikiwa bado chini ya kilima, nasikia watu wanaimba. Nikasema kuna jirani amepata msiba na mimi sijui. Napanda, sauti inazidi. Nafika kwenye mashina ya ndizi, naona turubai. Turubai liko kwangu! Wanaume wanapasua kuni zangu, sufuria kubwa za kanisa ziko kwenye mafiga, akina mama wamekaa kwenye mikeka wamejifunika khanga mpaka kwenye nyusi. Jamani, mngekuwa nyie mngefikiri nini? Mume wangu yuko Mbeya anapasuliwa macho, mimi simu sina mkononi, nakuta msiba nyumbani kwangu. Nikajua wamemuua kwenye yale macho.

Ndoo ikaanguka, na mimi nikaanguka.

Sasa hapa ndipo ningependa kuruka, lakini hamtaniruhusu. Mimi si mtu wa maneno laini. Mume wangu namwita Baba Upendo, mchana Baba Upendo, usiku Baba Upendo, mbele ya watu nikimtengea chakula nasema “kula” inatosha. Lakini zamani, tulipokuwa bado vijana, nilikuwa na jina langu la kumwita, la chumbani, kwa sababu ya masikio yake yalivyosimama. Na siku hiyo, mbele ya kwaya, mbele ya wazee wa kanisa, nikiwa nimelala kwenye matope, jina likatoka lenyewe.

“Kasungura! Kasungura kangu, umeniacha na nani! Nani atanipasha miguu kwenye baridi hii! Kasungura, rudi!”

Kwaya ikanyamaza. Ikaanza tena, lakini kwa sauti ya chini, kama inayotaka kusikia zaidi.

Mama Tuse na mwenzake wakanishika mabega. Nikauliza, “Amekufa saa ngapi?” Mama Tuse akamgeukia mwenzake, akadhani sisikii: “Masikini, kichwa kimeanza kuondoka.” Nikauliza, “Mwili uko wapi?” Akaniambia kwa upole, kama mtu anayeongea na mtoto mwenye homa, “Mama Upendo, umemfungia wewe mwenyewe ndani. Tupe ufunguo.” Nikaona huyu naye amechanganyikiwa kwa huzuni, nikazidi kulia kwa ajili yetu wote wawili.

Tukiwa kwenye hali hiyo, mtu akatokea kwenye njia. Ana kofia, ana miwani myeusi ya hospitali, kwapani ana mfuko, mkononi ana tawi. Akavua kofia kwa heshima, akasimama nyuma ya mikeka, akamwuliza aliye karibu yake, “Poleni sana. Nimeona majani njia panda nikayafuata. Ni nani amefariki?”

Alikuwa Baba Upendo.

Akina mama waliruka mikeka kama kuku walioona mwewe. Balozi wetu wa nyumba kumi, mwanaume mzima na shoka lake mkononi, nilimwona kwa macho haya akijificha nyuma ya sufuria ya maharage. Mimi nikabaki pale chini, matope mpaka kwenye kilemba, na yeye akainua miwani akanitazama. “Mama Upendo, nani huyo unayemlilia hivyo?”

Mjinga mmoja wa kwaya, wa sauti ya nne, akasema, “Kasungura.”

Ndipo maneno yakaanza. Nikasema nani aliyewaambia mume wangu amekufa? Mama Tuse akasema wewe. Nikasema mimi? Akatoa simu yake khangani, akaongeza sauti, akawachezea watu wote: Mzee ameinama, kichwa kimeshuka, nimemtoa waya, hajainuka. Watu wakawa wanatikisa vichwa kwa kila neno.

“Waya za hospitali,” akasema Mama Tuse. “Si alienda hospitali? Tukajua amerudishwa, na wewe umemtoa zile waya za kupumulia. Ulitaka tuelewe nini?”

“Nilisema mti!”

“Hakuna mti humo. Tucheze tena?”

“Na simu ya kuuliza hamkuwa nayo?”

“Tumepiga mpaka tumechoka, inaita ndani, tukasema mjane amelala. Na Upendo tungempigiaje? Msiba wa baba yake tumwambie kwenye simu, kama tunauza mbuzi?”

Nikageuka nimwonyeshe huo mti, yaishe. Gogo lilikuwepo. Karai lilikuwepo. Kwenye karai kulikuwa na kisiki kitupu, kimenyolewa.

Maana huku kwetu kwenye msiba lazima majani yawekwe njia panda ili wageni wasipotee, na majani yaliyowekwa yalikuwa ya Mzee, na tawi alilokuja nalo mume wangu mkononi lilikuwa bado na alama ya waya wangu. Nikamwuliza nani amekata. Balozi akatoka nyuma ya sufuria. “Mama, niliyakuta yameinama yenyewe, hapo hapo mlangoni,” akasema. “Nikajua mmeshayaandaa.”

Mbele yangu kuna miti ya mbao mpaka unapoishia upeo wa macho! Kuna mikaratusi, kuna migomba! Balozi akapita yote hiyo! Nilimwambia maneno ambayo siyasemi hapa, na Mchungaji ambaye ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye pikipiki aliyasikia yote. Nikatuma watu njia panda wakarudi na vijiti, ng'ombe walikuwa wameshapita.

Na wakala. Chakula kilikuwa kimeiva, wakasema kisiharibike, wakala wote, na Baba Upendo akapakuliwa wa kwanza, akala ugali na maharage ya msiba wake mpaka akaongezewa.

Ijumaa Kuu maua ya plastiki yalikaa pembeni ya msalaba. Mimi nilikaa benchi la nyuma, macho kwenye sakafu, nikasema angalau ibada hii ni ya kimya, hakuna atakayenigusa. Mchungaji akaanza kusoma habari za akina mama waliolia, sauti yake nzito, kanisa limetulia. Nikaona bega moja la kwaya linatikisika. Halafu la pili. Kwaya nzima ikainama, vitabu usoni, na si kwa huzuni, na Mama Tuse alikuwa wa kwanza kutoka nje amejiziba mdomo kwa khanga. Mchungaji mwenyewe akakohoa mara nyingi kuliko inavyohitajika. Ijumaa Kuu!

Kwa hiyo nimejiwekea sheria. Mti wangu umeanza kuchipua, nitauinamisha tena, lakini sasa unaitwa mti. Kwenye simu siongei tena, mwenye haja na mimi atapanda kilima. Na balozi akionekana kwangu na shoka, hata kama kweli kuna aliyekufa, nitamfukuza kwanza ndipo nilie.

Jioni ile tulipotoka kanisani Baba Upendo alikaa jikoni karibu na moto, anajipaka dawa yake ya macho. Nikajua ana neno, maana alikuwa anatabasamu peke yake. Nikamtengea chakula nikamwambia, “Kula.”

“Nitakula,” akasema. “Lakini lile jina uliloniita siku ile, mimi nilifika mwishoni sikulisikia vizuri. Hebu niite tena.”

Nikamwambia afe kwanza.